Mdudu wa madoa: kwa nini kuhesabu madoa hakutoshi kumjua

Tuma picha ya mdudu mwekundu mwenye madoa meusi kwenye kundi la WhatsApp la wakulima, uone. Mmoja atasema huyo ni rafiki, mwacheni, anakula vidukari. Wa pili ataapa kwamba ndiye aliyemaliza majani ya matango yake. Wa tatu atahesabu madoa na kutangaza umri wa mdudu. Kabla hawajamaliza, wa nne ataleta picha ya mdudu mwenye umbo lilelile, ila huyu ni mweusi tii mwenye mabaka mekundu, akiuliza kama ni dume, ni jike, au ni adui mpya aliyeingia na mbegu za nje.

Ukimwondoa huyo wa umri, wote wana hoja. Rafiki yupo, mharibifu yupo, na yule mweusi anaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na yule mwekundu. Kinachowakosanisha ni kwamba kila mmoja anatazama madoa, na kwa mdudu huyu hakuna sehemu ya mwili inayodanganya kuliko madoa.

Tunamzungumzia nani

Ni mbawakawa mdogo, mviringo, mgongo umevimba na tumbo limelala bapa. Kama ilivyo kwa mbawakawa wote, mabawa yake ya mbele yamekuwa magumu na kazi yake ni kufunika tu. Mabawa laini ya kurukia yamekunjwa chini yake. Akitaka kuruka hufungua vifuniko hivyo viwili ndipo mabawa membamba yachomoze. Rangi na madoa tunayobishania yako kwenye vifuniko.

Familia yake wanasayansi huiita Coccinellidae, na ina spishi zipatazo 6,000 duniani. Hapa nitamwita mdudu wa madoa kwa sababu ndivyo anavyojulikana kwa macho, lakini wengi wa familia hii hawana doa hata moja. Wale wa kundi la Scymnus, kwa mfano, ni vidude vya milimita mbili tatu, kahawia au vyeusi, na mkulima anaweza kuwa nao shambani maisha yake yote asijue kwamba ni jamaa wa karibu wa yule mwekundu anayempigia picha. Cryptolaemus montrouzieri, aliyetoka Australia na kusambazwa nchi nyingi ili kupambana na vidung'ata, wale wadudu wadogo waliofunikwa unga mweupe, ni mweusi mwenye kichwa cha rangi ya chungwa. Doa hana.

Maneno mawili yatatusaidia huko mbele. Spishi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao na kupata watoto ambao nao wanaweza kuzaa. Sura ya rangi ni namna tofauti ya kuonekana ndani ya spishi hiyohiyo moja. Watu wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi, ni spishi moja. Wadudu wawili wa madoa, mmoja mwekundu na mmoja mweusi, wanaweza kuwa hivyohivyo. Mabishano mengi huzaliwa hapa: sura za rangi za spishi moja huhesabiwa kuwa wadudu tofauti, na spishi tofauti kabisa huhesabiwa kuwa mdudu mmoja.

Madoa hayahesabu miaka

Tulimalize hili la umri, maana linasumbua hata watu wazima wenye elimu zao. Mdudu wa madoa huanza kama yai, akawa lava, yaani buu, akajigandisha kwenye jani na kuwa pupa, kisha akatoka akiwa mdudu kamili. Anapotoka, vifuniko vyake ni laini, vina unyevu, rangi ni njano hafifu, na mara nyingi hakuna alama yoyote. Ukikaa ukamtazama utaona madoa yakijitokeza taratibu, kwanza kijivu, kisha meusi. Ndani ya saa chache kazi imekwisha. Idadi aliyoipata siku hiyo ndiyo atakayokufa nayo.

Tena maisha yenyewe si marefu. Wengi huishi wiki kadhaa au miezi. Ni katika nchi za baridi, ambako mdudu hulala majira yote ya baridi bila kula, ndipo anapofikisha mwaka au kuupita kidogo. Ulaya yupo mmoja wa njano mwenye madoa 22, Psyllobora vigintiduopunctata, ambaye chakula chake ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaoota kwenye majani. Hana miaka 22, wala miezi 22.

Umri una alama yake, lakini haiko kwenye weusi. Iko kwenye wekundu. Ile njano ya siku ya kwanza hukolea polepole hadi chungwa, kisha nyekundu, na huendelea kukolea kwa wiki na miezi. Rangi hiyo hutokana na karotenoidi, jamii ileile inayoipa karoti rangi yake, ilhali madoa meusi ni melanini, jamii moja na ile iliyo kwenye ngozi na nywele zetu. Kwa hiyo ukikuta wawili wa spishi moja, mmoja njano iliyopauka na mwingine mwekundu uliokolea, usikimbilie kusema ni aina mbili. Huenda mmoja ametoka kwenye pupa jana.

Na la dume mweusi na jike mwekundu nalo ni la kuachwa. Dume na jike huvaa sawa. Jike kwa kawaida ni mkubwa kidogo, na katika spishi chache uso wa dume una weupe zaidi, lakini kuwatenganisha kwa uhakika inabidi umpindue mdudu na kumkagua tumbo kwa kioo cha kukuzia.

Spishi moja, sura kibao

Mfano uliochunguzwa sana uko Uingereza. Adalia bipunctata, wa madoa mawili, kwa kawaida ni mwekundu mwenye doa moja jeusi katikati ya kila kifuniko. Lakini spishi hiyohiyo ina wadudu weusi wenye mabaka manne mekundu, na wengine weusi wenye mabaka sita. Utawakuta kwenye mti mmoja, mwekundu amempanda mweusi, na watoto wao wakatoka wa rangi zote mbili. Jeni ya weusi ndiyo yenye nguvu: mtoto akiirithi kwa mzazi mmoja tu, anakuwa mweusi.

Wachunguzi waliona kwamba wadudu hao weusi walikuwa wengi zaidi katika miji ya viwanda yenye moshi. Baada ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1956, moshi ulipopungua, weusi wakapungua katika miji kama Birmingham. Maelezo ya kwa nini yamezua ubishi wa miongo mingi. Hoja yenye mashiko ni ya joto: mwili mweusi hunyonya jua haraka, kwa hiyo pale ambapo moshi umelizuia jua, mweusi huamka mapema, hula mapema, huzaa mapema. Jua likirudi, faida hiyo inayeyuka.

Lakini bingwa wa kubadili sura ni mwingine, naye anatuhusu moja kwa moja. Harmonia axyridis ni mdudu wa Asia: China, Japani, Korea, Mongolia, Siberia. Sura zake za rangi zilizoelezwa na wataalamu zinazidi 200. Kwa bahati nzuri nyingi ni mabadiliko madogo ya sura chache kuu. Ya kwanza ni njano, chungwa au nyekundu yenye madoa meusi kuanzia sifuri hadi 19 au zaidi. Ya pili ni nyeusi yenye mabaka manne mekundu. Ya tatu ni nyeusi yenye mabaka mawili. Halafu kuna wale weusi wenye madirisha mengi ya chungwa mgongoni. Weka hao wote kwenye kiganja kimoja na mtu yeyote mwenye akili timamu atakuapia kwamba ni spishi nne.

Theodosius Dobzhansky, aliyekuja kuwa mmoja wa vinara wa sayansi ya urithi katika karne ya 20, alianza kazi yake na wadudu hawa. Mwaka 1924 alichapisha uchunguzi kuhusu rangi zao kutoka eneo hadi eneo. Kwa Harmonia aliona kwamba pande za Altai, magharibi mwa Siberia, karibu wote ni weusi wenye mabaka, na kadiri unavyokwenda mashariki ndivyo wa rangi ya njano na nyekundu wanavyoongezeka.

Mwanafunzi wake Mchina, Tan Jiazhen, ndiye aliyeeleza namna rangi hizo zinavyorithiwa. Wakati wa vita chuo chake kilikuwa kimehamishwa hadi Meitan, mji mdogo katika mkoa wa Guizhou, na huko ndiko alikowazalisha wadudu hawa na kuandika nani kamzaa nani. Matokeo aliyachapisha mwaka 1946, na bado yanasisimua. Shuleni tulifundishwa kwamba jeni moja hushinda na nyingine hunyamaza. Kwa Harmonia zote mbili husema kwa pamoja.

Chukua vipande viwili vya nailoni angavu. Kwenye cha kwanza paka wino mweusi sehemu ya mbele tu. Kwenye cha pili paka sehemu ya nyuma tu. Sasa vipandikize. Popote palipo na wino kwenye kipande chochote kati ya viwili, utaona weusi. Mwanga utapita pale tu ambapo vyote viwili ni vitupu. Mtoto wa Harmonia huvaa namna hiyo: kipande cha baba juu ya kipande cha mama. Ndiyo maana sura zinakuwa nyingi hivyo. Matoleo machache tu ya jeni, yakipandikizwa mawili mawili, hutoa michanganyiko mingi.

Jeni yenyewe ilijulikana mwaka 2018, pale timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake zilipofikia jina lilelile: pannier. Mdudu akiwa bado pupa, jeni hii huwashwa kwenye sehemu za kifuniko zitakazokuwa nyeusi na kubaki imezimwa kwenye zile zitakazokuwa nyekundu. Kwa maneno mengine, ramani ya madoa huchorwa kabla rangi yoyote haijaonekana. Kinachotofautisha sura moja na nyingine ni swichi za jeni hiyo, yaani sehemu zinazoamua iwashwe wapi na izimwe wapi.

Juu ya urithi kuna hali ya hewa. Kwa ile sura ya Harmonia ya njano na nyekundu, pupa aliyekaa kwenye baridi hutoka na madoa makubwa zaidi, mengine yameungana; aliyekaa kwenye joto hutoka na madoa madogo au pengine hana kabisa. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja wa msimu wa baridi na mwingine wa joto, wanaweza kutofautiana idadi ya madoa. Sasa mtu akikuambia amemtambua mdudu kwa sababu ana madoa 14, muulize alizaliwa mwezi gani.

Wapo wasiobadilika, lazima tuseme haki. Coccinella septempunctata, wa madoa saba, maarufu kwenye vitabu vya watoto vya Ulaya, ana matatu kila kifuniko na la saba limekaa katikati mbele, nusu kulia na nusu kushoto, pale vifuniko vinapokutana. Huyo ukihesabu madoa hukosei sana. Nadhani ndiye aliyetuponza, kwa sababu vitabu vilimchora yeye na sisi tukadhani familia nzima ina nidhamu kama yake.

Kwa nini Harmonia anatuhusu

Alisambazwa na watu kwa makusudi, kwa sababu ni mlaji hodari wa vidukari. Marekani walianza kumjaribu mwaka 1916, na hatimaye akaonekana amejikita Louisiana mwaka 1988. Ulaya aliuzwa kwa wenye mabanda ya kilimo. Uingereza hakuna aliyemwalika. Alifika mwenyewe mwaka 2004. Huko ilibainika kwamba haishii kwenye vidukari: hula pia mayai na lava za wadudu wengine wa madoa. Katika miaka mitano baada ya kufika, yule Adalia wa madoa mawili alipungua kwa asilimia 44 Uingereza na asilimia 30 Ubelgiji.

Afrika Kusini alionekana mwaka 2001. Kuwapo kwake Kenya kuliandikwa kwenye jarida la kisayansi mwaka 2011, na Zanzibar mwaka 2016. Kwa hiyo swali la yule mtu wa nne kwenye kundi la WhatsApp, kuhusu adui mpya, si la kipuuzi. Ila jibu haliwezi kuwa "mweusi mwenye mabaka mekundu ndiye mgeni," kwa sababu tunao wenyeji wa rangi hiyohiyo.

Mwenyeji mkubwa ni Cheilomenes lunata, aliyeenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Ni mweusi, anang'aa, na mabaka yake ya njano, chungwa au mekundu yamejipinda na kuchongoka, mengine umbo la mwezi mwandamo. Ukimtazama kwa kasi unaweza kuona ni mwekundu mwenye michirizi mieusi. Ukimtazama tena unaona ni mweusi mwenye vipande vyekundu. Jamaa zake, Cheilomenes sulphurea na Cheilomenes propinqua, nao wapo Afrika Mashariki, kwenye mahindi, kunde, pamba, popote penye vidukari. Kisha yupo Hippodamia variegata, mwembamba na mrefu kidogo kuliko wengine, wa milimita nne hadi tano, mwekundu wa chungwa, na madoa yake yanaanzia matatu hadi 13. Hawa wote wako upande wetu.

Wanaofanana na rafiki, lakini wanakula majani

Sasa yule mkulima wa matango. Hakudanganya. Ndani ya familia hii lipo tawi ambalo halili wadudu, linakula mimea. Henosepilachna elaterii ana madoa 12 meusi, sita kila kifuniko, juu ya mgongo wa rangi ya chungwa inayoelekea kahawia, na makao yake ni kwenye matikiti, maboga na matango. Chnootriba similis hupenda jamii ya nyasi: mahindi, mpunga, ngano. Huyu wa pili ana kesi nzito zaidi, kwani ni miongoni mwa mbawakawa wanaotajwa kueneza kirusi cha ugonjwa wa kimanjano cha mpunga, ambao ulionekana kwa mara ya kwanza duniani mwaka 1966 karibu na Kisumu, na leo unawasumbua wakulima wa mpunga katika nchi nyingi za Afrika.

Unawatenganishaje na marafiki? Si kwa madoa. Mwinamishe mdudu kidogo kuelekea kwenye mwanga. Mla vidukari ana mgongo unaong'aa, laini, kama uliopakwa mafuta. Mla majani mgongo wake umefifia, hauakisi mwanga, na ukimsogeza karibu na jicho au ukimkuza kwenye simu utaona vinyweleo vifupi vimemfunika mwili mzima. Kwa wadudu wa ukubwa huu, wa milimita tano na kuendelea, tofauti hiyo haikuangushi. Nasisitiza ukubwa kwa sababu wale wadogo wa Scymnus nao wana vinyweleo, na ni marafiki.

Halafu tazama jani. Mla majani hukwangua nyama ya jani na kuacha utando mwembamba au mishipa mitupu, jani likabaki na vidirisha vinavyopitisha mwanga. Jani lenye vidirisha vya namna hiyo, na hakuna kidukari hata mmoja karibu, linakwambia zaidi kuliko madoa yote ya dunia. Kinyume chake, mdudu anayeng'aa, aliyekaa katikati ya kundi la vidukari na maganda yao matupu, hahitaji wakili.

Wapo pia waigaji ambao si wa familia hii hata kidogo. Rangi kali za mdudu wa madoa ni onyo kwa ndege: mimi ni mchungu. Akibanwa, hutoa majimaji ya njano kwenye magoti, yenye harufu mbaya na ladha chungu. Wengi hudhani ni mkojo; ni damu yake. Haikudhuru zaidi ya kukuachia doa kwenye kidole, lakini ndege aliyeonja mara moja hatarudia, na hapo waigaji hupata upenyo. Ufilipino kuna mende, wa jenasi Prosoplecta, waliogeuka kuwa mviringo na wekundu wenye madoa hadi huwezi kuamini kwamba ni mende. Afrika na Asia kuna buibui wa jenasi Paraplectana waliojivika sura hiyohiyo. Hao wanaumbuliwa na miguu, maana ni minane. Na kwenye mboga za kawaida utakutana na mbawakawa wengine wala majani, wekundu au wa njano, ambao papasi zao ni ndefu na nyembamba. Papasi za mdudu wa madoa ni fupi, na ncha yake imevimba.

Pa kutazama

Kama madoa si ya kutegemea, macho yaende wapi? Mahali pa kwanza ni ile sahani ndogo iliyo kati ya kichwa na vifuniko. Tuiite ngao ya shingo. Watu wengi huidhani kuwa kichwa, na mabaka meupe yaliyo juu yake huyadhani kuwa macho. Kichwa chenyewe ni kidogo na kimejificha chini yake, macho yakiwa meusi pembeni. Michoro ya ngao ya shingo hutofautisha spishi vizuri kuliko ya vifuniko, ingawa nayo huyumba kidogo. Harmonia wa ile sura nyekundu ana ngao nyeupe yenye mchoro mweusi wa herufi M, na mchoro huo unaweza kujaa hadi ukawa baka moja zito. Hippodamia ana ngao nyeusi yenye ukingo mweupe na vidoa viwili vyeupe katikati.

Kisha ukubwa. Harmonia ana milimita tano hadi nane, na wengi wako upande wa juu wa kipimo hicho. Mara nyingi, karibu na mwisho wa vifuniko vyake, kuna mkunjo mdogo uliokatiza kwa upana, unaoonekana vizuri mwanga ukimpiga kwa ubavu. Rangi ya miguu nayo ina maana: ya Harmonia ni kahawia inayoelekea wekundu. Kule Ulaya, Adalia wa madoa mawili hutenganishwa na ndugu yake wa madoa kumi kwa miguu. Wa madoa mawili ana miguu myeusi, wa madoa kumi ana miguu ya kahawia hafifu, na bila kigezo hicho hata mtaalamu angetapatapa, maana huyo wa kumi naye ana sura tatu kuu na mojawapo ni nyeusi yenye mabaka mawili mabegani.

Lakini kwa mkulima nadhani kuijua lava kuna faida kubwa kuliko kumjua mdudu mzima. Lava wa mla vidukari hafanani na mzazi wake hata kwa dawa. Ni mrefu, mwembamba kwa nyuma, kijivu cha kukolea au mweusi, ana miguu sita mbele na vidoa vya njano au chungwa ubavuni, na anatembea kwa kasi akitafuta mawindo. Watu humwona, wanamdhani kiwavi, wanapiga dawa, wakati ndiye aliyekuwa akiwafanyia kazi. Lava wa Harmonia ni mweusi, ana miiba yenye matawi na mstari wa chungwa kila ubavu. Lava wa wala majani ni mnene, wa njano, amejaa miiba yenye matawi, mzito wa mwendo, na kwa kawaida amejishikiza chini ya jani analolila. Wa Cryptolaemus ndiye mwenye mkosi kuliko wote: amefunikwa nta nyeupe inayoning'inia, anafanana kabisa na vidung'ata anaowala, na watu humuua pamoja nao. Ukikuta kidung'ata mkubwa kuliko wenzake, anayekimbia, mwache.

Ukitaka kuuliza kwenye kundi au kwa afisa ugani, na upate jibu badala ya mabishano, picha moja ya mgongo haitoshi. Programu za simu za kutambua wadudu nazo huteleza kwa sababu hiyohiyo, maana mgongo ndio tunaozipa. Piga ya ngao ya shingo kwa karibu, mwanga ukitokea ubavuni ili ung'avu au vinyweleo vionekane. Piga ya ubavu inayoonyesha miguu. Weka sarafu kando yake kwa ajili ya ukubwa, na taja mmea na mahali. Anza lakini na picha ya jani, juu na chini, kabla ya kumgusa mdudu, kwa sababu akishtuka atakunja miguu yote sita, atajiangusha na kujifanya amekufa, na kumpata tena kwenye majani makavu ni kazi nyingine.